Maksai Aliyechinjwa Baada ya Kufa

Baba yangu, Stephen Wasike, alikuwa mzee wa kanisa katika shamba la kaburu mmoja huko Kapseret, na ndiye aliyechunga maksai wake wa kulima. Nilimpenda. Hata hivyo, nikiikumbuka ile Jumamosi ya mwaka 1948, mate hunijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika.

Asubuhi tulimkuta maksai mmoja amekufa zizini, tumbo limevimba kama ngoma, damu nyeusi ikimtoka puani na nyuma. Kaburu alikuja juu ya farasi, kitambaa puani.

"Kimeta hii, naua hata mtu," alisema. "Zika na ngozi yake. Hakuna mtu kukata, hakuna mtu kula. Wewe Stephen, nasikia?"

"Ndiyo, Bwana."

Akaenda zake Sikisti-foo, maana ndivyo tulivyouita mji wa Eldoret.

Kesho yake ilikuwa siku ya ubatizo. Wageni wa misheni walikuwa wanakuja, na kanisa letu halikuwa na hata kuku wa kuwapikia. Mwinjilisti Wanyama aliposikia habari, alikuja mbio hadi kwenye shimo Baba alilokuwa akichimba.

"Mzee Stephen, Mungu ametupa nyama, wewe unazika?"

"Bwana amekataza. Tena Neno linakataza mnyama aliyekufa mwenyewe. Wewe ndiwe uliyetufundisha."

"Aliyekufa mwenyewe, ndiyo. Basi sisi tumchinje. Damu itoke, tuombe. Sheria inataka nini tena?"

Kiprotich, aliyekuwa akichimba na Baba, aliangua kicheko. Yeye hakuwa mtu wa kanisa.

"Ai! Watu wa Yesu wanachinja maiti! Mshike miguu vizuri basi, asije akawapiga teke."

Akatupa jembe, akaondoka. Baba alibaki amesimama. Nilikuwa na miaka kumi na tano, nimewaletea maji ya kunywa, na niliomba moyoni aseme hapana. Neno moja tu. Alimtazama Wanyama, akalitazama shimo, kisha akavua koti.

Walivuta kichwa cha maksai nyuma. Baba akapitisha kisu shingoni taratibu, kwa uangalifu, kana kwamba mnyama angesikia maumivu. Damu haikuruka. Ilichuruzika nzito kama lami, na nzi wakaishukia. Wanyama alifumba macho akashukuru kwa riziki. "Amina," Baba akasema, mikono imelowa hadi viwikoni.

Jioni alileta paja nyumbani. Mama aliligeuza, akalinusa.

"Mlichinja?"

"Tulichinja."

"Alikuwa ameshakufa," nikasema.

Mama alilibeba lile paja, akalitupa chooni. Baba hakumzuia.

"Ni sawa, mama Nelima," alisema. "Sisi tusile. Wageni ndio watakula."

Hilo lilinichukiza kuliko ile damu. Alikaa akanywa uji wake kwa amani, mtu aliyetii, kwa sababu tu hakutia kipande kinywani mwake.

Wageni walikula, wakasifu mchuzi. Nyama ilikuwa imechemshwa tangu alfajiri. Labda ndiyo maana ni wawili tu walioharisha. Lakini Baba alikuwa na mkwaruzo wa seng'enge kwenye kidole gumba. Jumanne kikatoka kilengelenge, Jumatano kikawa kidonda cheusi kisichouma. Alhamisi mkono wote ulikuwa umevimba hadi shingoni, na kidonda kinanuka.

Wanyama alikuja kumwombea. Akasema shetani anawapiga watumishi.

"Nyamaza, Wanyama," Baba akasema kwa shida. "Shetani hakushika kisu. Nilijua Neno linasema nini. Nikatafuta pa kulipitia kando, na wewe ukanionyesha."

Wanyama akafungua Biblia yake na kuanza kusoma kwa sauti kubwa.

Baba alikufa Ijumaa kabla ya mchana. Kaburini Wanyama alihubiri kwamba Mzee Stephen alimtii Mungu katika yote. Watu wakaitikia amina. Kiprotich, aliyekuja kusaidia kufukia, alitema mate pembeni.

Wanyama alipopita akitupa pole, mimi niliweka mikono nyuma. Mama alimpa mkono wake, kisha akaenda nyuma ya nyumba akausugua kwa majivu hadi ukawa mwekundu.