Pipa Moja la Busaa

Robi aliisikia habari hiyo mashineni, kimea kikiwa bado kichwani.

Kilikuwa kimea cha ulezi, cha kuchachushia busaa, pombe ya nafaka. Alikiloweka, akakiotesha ndani ya gunia bichi, akakianika juu ya bati mpaka kikakauka na kutoa harufu tamu. Sasa alikuwa amekileta kusaga kwa Ashiraf, mtu ambaye baba yake alikuja Tarime na cherehani kutoka Pwani, na mwana akapanda hadi Susuni na mashine ya kusaga. Ashiraf hanywi pombe. Kimea cha akina mama hukisaga akiangalia pembeni, na hukiita unga wa uji.

"Shikamoo, baba Hamim."

"Marahaba, binti. Uji wa leo ni wa watu wangapi?"

"Wa pipa moja tu."

Ashiraf akazima mashine. Robi akasogea karibu, maana mtu wa mashine hazimi dizeli inayowaka kwa jambo la mchezo.

"Pipa moja? Kwa umati ule?"

"Umati gani, baba? Sisi tumeita majirani. Hawafiki ishirini."

"Mimi mambo ya uji wenu siyajui," Ashiraf alisema, akishusha sauti ingawa hapakuwa na mtu. "Ila jana Heche alisimama hapo ulipo wewe, simu sikioni, anaita watu hadi kule mpakani kwa Wakenya. Jumamosi kuna risaga kwa Mokami, njooni na majembe, busaa itamwagika kama mvua. Nilimhesabia simu, zilipofika arobaini nikachoka. Nikadhani mmemtuma."

Hakuna aliyemtuma.

Risaga ni deni la mikono. Unaita watu, wanakulimia au wanakuchimbia asubuhi, nawe mchana unawanywesha. Aliyechimba asipate kinywaji ana haki ya kukutukana mbele za watu, na wito wa mji wako hauitikiwi tena: ukifa watu hawaji, ng'ombe wako wakiibwa yowe lako halisikiki. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyatafuta Heche. Alitaka watu arobaini wafanye kazi, wakose, kisha asimame kati yao na kusema: mnaona, mji usio na mwanamume hauwezi kushika shamba.

Maana shamba ndilo alilolitaka tangu siku waliyomzika kaka yake. Kaka yake alikuwa mume wa Mokami. Mokami hakujaliwa mtoto wa kiume, na alipobaki mjane alifanya kile ambacho wanawake wa Kikurya wamefanya tangu zamani: akatoa ng'ombe, akamwoa Robi kwa desturi ya nyumba ntobhu, ili Robi azae na watoto wawe wa nyumba yake. Robi akazaa mvulana. Siku hiyo hiyo ya kwanza Heche alikuja mlangoni, akamtazama mtoto, akauliza, "Huyu naye ni nani?" Kisha akaenda zake bila kunywa hata maji.

Msituambie sheria ipo. Ipo. Imeandikwa vizuri kabisa kwamba mwanamke na ardhi ni sawa na mwanamume na ardhi. Lakini sheria hiyo inakaa Dodoma, na jembe la Heche linakaa Susuni. Tumewaona wajane wakinyang'anywa mchana kweupe, mzee wa ukoo akikohoa, mtendaji akitafuta kalamu. Wengine tunawakumbuka kwa majina na kwa mashamba, na waliowala tunawasalimia barabarani. Basi Mokami hakungoja. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, wakakubaliana siku, na risaga ile ilikuwa ya kuchimba mtaro wa mpaka kati ya shamba lake na la Heche, kutoka njiani hadi kijitoni, upandwe mkonge juu ya tuta.

Robi alirudi nyumbani akitembea upesi, unga begani, mtoto mgongoni. Kila pikipiki ilipopita alisogea ukingoni, akidhani ni Heche.

Mokami alikuwa uani akikaanga unga wa mahindi uliochachuka. Bati jeusi lilikuwa juu ya mafiga, na mwiko wake ulikwenda na kurudi bila kukoma, kwa sababu unga wa busaa ukiuacha kidogo unaungua na pipa zima linakuwa chungu. Alisikiliza habari yote bila kuinua uso.

"Tutaazima mapipa mawili," alisema mwishowe. "Moja kwa jirani Scholastica, moja kwa watu wa kanisani, tutasema ni la maji. Kimea tutanunua sokoni Sirari."

"Kimea cha watu hatukijui, mama. Kikiwa kimeota ukungu watu wanaharisha, tumekwisha."

"Basi zimua hiki hiki. Ongeza maji."

"Itakuwa uji kweli. Baba Hamim atafurahi."

Mokami hakucheka. "Robi. Mwaka jana, kule kwa yule mama wa bondeni, watu walikosa. Waliondoka na mbuzi wake na wakang'oa mlango. Mlango. Unakumbuka alivyolala wiki nzima ameegemeza kitanda mlangoni?"

Robi alikumbuka. Ndicho alichokuwa akikiwaza tangu mashineni. Lakini alikuwa akikumbuka na jambo jingine, ambalo Mokami hakuliona kwa kuwa alikuwa amelala siku hiyo na homa: arusi ya jirani, mapipa yasiyoisha, na jua lilipozama wanaume waliokuwa wakiimba wakaanza kutazama nani yuko peke yake.

"Mapipa matatu yatawaweka hapa mpaka giza," alisema. "Watu arobaini wamelewa, Heche katikati, na sisi ni wawili na mtoto. Mtu mwenye kiu huenda nyumbani, mama. Aliyelewa anabaki."

"Mwenye kiu ana akili zake zote, mwanangu. Na panga mkononi."

Wote wawili walikuwa na hoja, na hoja zote mbili ziliishia kwenye mlango mmoja wa mbao wenye komeo la waya.

Upishi ulikuwa mkono wa Robi; hilo Mokami alimwachia tangu mwaka wa kwanza, kwa sababu busaa ya Robi haikuwahi kuchacha vibaya. Jioni ile aliosha pipa lao la bluu, akalisugua kwa majivu, akapanga unga uliokaangwa na kimea juu ya turubai. Alipiga hesabu na kuipiga tena. Angeweza kujaza mapipa mawili mepesi. Angeweza kumtuma mtu wa bodaboda Sirari. Kisha akamimina maji kwenye pipa moja, akakoroga unga, akatia kimea chote, akafunika kwa gunia.

"Nimepika ya watu tuliowaita," alimwambia Mokami. "Wengine siwajui."

"Mungu akujue wewe," Mokami alisema, akaingia ndani.

Siku za kuchacha Robi alikuwa akiinamia pipa na kusikiliza. Povu lilipanda vizuri, likichemka lenyewe taratibu kama mtu anayesema peke yake. Kwa kawaida sauti hiyo humpendeza. Safari hii kila alipoisikia alihesabu vikopo, na vikopo havikutosha.

Jumamosi walikuja.

Kwanza majirani, na majembe yao na utani wao. Halafu wale wengine, kwa makundi, kutoka njia ya mpakani, wanaume tu, wageni, majembe begani na mapanga viunoni. Heche alikuja nyuma yao kwa pikipiki, kofia mpya, akisalimia kama mwenye arusi. Mwenyekiti wa kitongoji alikaa kwenye kiti cha plastiki alicholetewa, akashangaa wingi wa watu, akasema hii ni heshima kubwa.

Walichimba. Hilo lazima lisemwe. Wanaume wakiwa wengi namna ile udongo hauna la kusema. Mtaro ulikimbia kutoka njiani kushuka kijitoni, tuta likipanda upande wa Mokami, jekundu na bichi. Robi aliuona ukifika chini kabla jua halijawa juu ya kichwa, na badala ya kufurahi alirudi kusimama kando ya pipa. Kazi ilikuwa imekwisha upesi mno. Sasa walikuwa wakija kunywa.

Aliwachotea majirani kwanza, akiwaita kwa majina, kama ilivyo desturi. Alichota upesi mno, busaa ikamwagika kwenye vidole vya jirani yao Tomaso.

"Mama, mimi nakunywa kwa mdomo," Tomaso alisema, "si kwa mkono."

Wakacheka kidogo. Wageni hawakucheka. Walikuwa wamekaa kwenye nyasi wakitazama pipa, na Robi aliweza kuona macho yao yakishuka pamoja na busaa ndani ya pipa. Aliinamisha kata. Ilikwaruza chini.

Heche akasimama.

"Jamani," alisema kwa sauti ya huruma, "msiwalaumu. Ni wanawake. Mji hauna mwanamume, nani angewaambia mapipa mangapi? Ndiyo maana nasema siku zote, shamba hili linahitaji mwenyewe."

Mtu mmoja akatema mate. Mwingine akainuka na jembe lake, akasogea pale pipa lilipo, akalitikisa kwa mguu, likatoa mlio mtupu. Huyu alikuwa Nashoni, mtu mrefu wa huko mpakani, jasho limemkaukia shingoni kuwa chumvi.

"Wewe mama," alimwambia Robi, "mimi nimetoka mbali. Unanifanyia nini hapa?"

Robi alitaka kukimbia. Mtoto alikuwa mgongoni, mlango ulikuwa nyuma ya Heche. Kitu pekee kilichomjia kilikuwa swali alilolibeba tangu alipotia kimea, na alilitoa kwa sauti ndogo sana, kwa sababu hakuwa na nyingine.

"Baba, samahani. Wewe nani alikuita?"

"Heche. Nani mwingine?"

"Alikuita uje kufanya nini?"

"Si kuchimba? Alinipigia simu. Alisema, njoo Jumamosi tumchimbie shemeji yangu Mokami mpaka wake. Akasema yeye anasimamia kila kitu."

"Hata mimi," mwingine akasema kutoka nyasini. "Mpaka wa shemeji. Ndivyo alivyosema."

Mokami ndiye aliyeelewa kwanza. Robi alimwona akijisukuma kutoka kwenye kigoda, mwanamke mzima mwenye magoti mabovu, akatembea mpaka mbele ya kiti cha plastiki.

"Mwenyekiti," alisema, "umesikia mpaka ni wa nani? Mimi sijasema. Wamesema watu wa Heche. Yeye ndiye aliyewaleta wauchimbe."

Mwenyekiti alimtazama Heche. Watu wote walimtazama Heche. Kwetu mtu hamwiti mwenzake kuchimba mtaro katikati ya shamba lake mwenyewe; ukileta majembe kwenye mpaka, umeukubali. Hata mtoto wa kuchunga anajua.

"Niliwaita kusaidia tu," Heche alisema.

"Basi umesaidia," alisema mwenyekiti, na safari hii, tumshukuru, hakutafuta kalamu wala hakukohoa. "Na aliyeita ndiye anayenywesha. Hawa ni wako."

Nashoni aligeuka polepole, jembe likiwa bado mkononi. "Bwana Heche. Kwako ni wapi?"

Hapo ndipo Robi alipoogopa zaidi, kwa sababu alimwona Heche akihesabu watu. Wanaume arobaini, mapanga, kiu, na yeye peke yake na pikipiki. Ilikuwa hesabu ile ile aliyoipiga Robi juu ya turubai, na kwa muda mfupi alikaribia kumwonea huruma. Heche akasema kwa mama watoto wake kuna debe la mahindi ya kupikia pombe, ataagiza kreti za bia Sirari, kesho atachinja. Walimzunguka wakitembea. Hawakumgusa, ila hawakumwachia nafasi ya kupanda pikipiki, akaikokota.

Alipompita Robi alisimama. Midomo yake haikufunguka sana.

"Ulipika kidogo kwa makusudi."

"Nilipika ya watu niliowaita, baba."

"Sawa. Siku nyingine nitakuja peke yangu."

Akaenda. Majirani walimaliza vikopo vyao haraka, wakaaga mapema kuliko kawaida, na hata Tomaso hakutania. Mwenyekiti alisema Jumatatu ataliandika jambo hilo mbele ya mashahidi. Mokami alimshika mkono kwa mikono yake miwili, kisha akaingia ndani, na Robi akasikia kitanda kikiburutwa kuelekea mlangoni.

Robi alishuka mtaroni. Ulimfika kiunoni. Mtu mzima angeuruka bila kushika chochote. Miche ya mkonge ilikuwa imelazwa kivulini, majani yake makali yamefungwa kwa kamba. Alifungua furushi, akamkaza mtoto mgongoni, akapanda juu ya tuta na kuanza kuchimba mashimo kwa ncha ya panga. Mche wa kwanza ulisimama upande. Akaung'oa, akausimamisha tena, akaukanyagia udongo. Alipanda akiwa ameelekeza uso upande wa Heche, akisogea kiubavu kutoka mche hadi mche, ili mtu yeyote akitaka kuvuka, yeye awe wa kwanza kumwona.