Sidiria Tatu na Mita Ishirini na Tano

Usiku wa kuamkia leo niliota sidiria zangu tatu zimenitangulia kufika bwawani, zimekaa kwenye benchi kwa mpangilio, zinanisubiri. Sikushtuka. Mimi ni mwalimu wa darasa la sita, nimezoea kukuta watu wamekaa kwenye benchi wananisubiri, na wengi wao huwa na kesi.

Ila nieleze kwanza zilikotoka, maana ndoto haikujileta yenyewe. Leo saa tatu asubuhi nina mtihani wa kuogelea mita ishirini na tano bila kusimama. Nikifaulu, nakuwa mwalimu wa kuogelea wa shule yetu. Nikishindwa, wasichana kumi na mmoja wataendelea kukaa ukingoni na sare zao wakiwatazama wavulana wakirusha maji, kwa sababu shule hairuhusu wasichana kuingia bwawani bila mwalimu wa kike, na mwalimu wa kike mwenye nia hiyo ni mmoja tu, Siwema binti Mbwana, yaani mimi. Hii ni mara yangu ya pili. Ya tatu haipo.

Mara ya kwanza nilisimama kwenye mita ya ishirini. Nikamwambia Kocha Mbaruku kwamba msuli umenibana. Akanionea huruma, akanishauri niwe nakula ndizi. Ukweli ni kwamba chini ya vazi langu la kuogelea nilikuwa nimevaa sidiria mbili, moja juu ya nyingine, kwa akili yangu kwamba mbili zitashika kuliko moja. Zilipolowa zikalegea zote. Kifua kikaenda kivyake, mimi kivyangu, nikasimama kukishika. Sasa hilo unamwambiaje Kocha Mbaruku, mtu mzima, mwanamume wa heshima zake?

Kwa hiyo jana nilikwenda sokoni na wifi yangu Tunu, kwa Mama Zulekha anayeuza mitumba. Nilijaribu sidiria kama tunavyojaribu sote pale, juu ya dera, katikati ya watu, huku Tunu akinizunguka kama fundi aliyelipwa.

"Hiyo nyeupe imekukaa, wifi! Imekukaa hasa!"

Nikachukua nyeupe, ya pamba. Nikachukua na ya pinki, yenye sponji nene, maana nayo ilifunga vizuri. Ya tatu, nyeusi, ilikataa kabisa kufunga. Mama Zulekha akaitupia kwenye mfuko wangu. "Beba na hii, mwalimu, nyongeza. Imenikalia hapa, kila mtu anasema ndogo."

Nililala sijaamua ipi nitaivaa.

Basi, bwawani. Nyeupe anasimama, anasema, "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaeni."

Zinakaa. Juu ya maji inaning'inia filimbi ya Kocha Mbaruku, peke yake, Kocha mwenyewe hayupo. Inajipiga.

"Mtihani hauanzi mpaka ukaguzi upite," Filimbi anasema. "Waingie Vidole Viwili."

Vinaingia kidole cha shahada na kidole cha kati, vimevaa tai, kila kimoja na kimo cha mtoto wa darasa la pili. Cha shahada ndicho msemaji.

"Kazi yetu ni kupita chini ya mkanda wa sidiria, sisi wawili, kwa kujibana," kinasema. "Tukishindwa kuingia, ni ndogo. Tukijisikia nyumbani, ni kubwa. Hatupokei chai."

Navaa Nyeupe. Vinaingia chini ya mkanda wake. Halafu sauti inatoka humo ndani: "Pana nafasi! Waiteni na wengine!"

Anakuja kidole gumba na mkeka begani. Anakuja cha pete na mwenzake mdogo, wamebeba jiko la mafuta ya taa. Wanatandika, wanawasha, wanabandika birika.

"Karibu chai, mwalimu."

"Mlisema hampokei chai."

"Hatupokei. Hii tumeipika wenyewe."

"Asanteni, nina mtihani," nasema, kwa sauti ileile ninayowakatalia wazazi wanaoniletea kuku kabla ya matokeo. Namvua Nyeupe na ukoo mzima ndani yake, namweka ukingoni.

Huko ukingoni Nyeupe anasema ana kiu kidogo. Anainama, anapiga funda moja, na upande wote wa maji mafupi umekauka. Pinki anamtazama kwa wivu. "Na mimi sponji yangu imekauka jamani," anasema, anajitupa upande wa kina. Anautoa wote. Bwawa limebaki vigae. Zile mbili zimejaa, nzito, haziwezi hata kugeuza shingo.

"Nani kawaruhusu kunywa?" nauliza.

"Sisi ndivyo tulivyo, mwalimu," Nyeupe anajibu kwa unyenyekevu. "Pamba hunywa. Hukuuliza."

Kweli sikuuliza. Nashuka nikakague vigae, nakuta si vigae, ni sakafu ya ofisi ya walimu. Meza zipo, madaftari yapo, Filimbi amekaa kwenye kiti cha mkuu wa shule. Ni kikao. Ajenda ni moja: malalamiko ya Kamba za Mabegani.

Kamba ni mbili, nyembamba, zimefungwa bendeji.

"Tumechoka," anasema ya kulia. "Mzigo wote tunabeba sisi. Mkanda yuko huko chini anazurura, leo yuko mgongoni, kesho yuko shingoni."

"Nizurure mimi?" Mkanda anapiga meza. "Kubeba ni kazi yangu mimi, kila mtu anajua! Lakini nitambebaje mtu nisiyemgusa? Nimemzunguka Mwalimu Siwema kwa mbali kama majirani walionuniana. Mwili wake siujui. Ninayemjua mimi ni Dera."

Mlango unafunguliwa. Dera langu linaingia, lile la maua ya kijani nililovaa sokoni. Ndani yake hamna mtu. Juu yake amejifunga Nyeupe, na lazima niseme haki, imemkaa. Haijalegea popote.

"Samahani kwa kuchelewa," Dera anasema. "Nilikuwa napita kwa wifi."

"Hiyo sidiria ni yangu," namwambia.

"Yako vipi? Ilipimwa juu ya nani?"

Nahesabu maua yake ya kijani.

"Wifi Tunu alisema 'imekukaa.' Alikuwa ananitazama mimi."

Filimbi anageuza karatasi. "Kumbukumbu zinaonyesha aliyepimwa ni Dera. Basi mtahiniwa ni Dera. Kuna anayepinga?"

Walimu wenzangu wote wanasahihisha madaftari. Nyeupe na Pinki wanakohoa, maji yanatoka, bwawa linajaa tena mpaka ukingoni na meza zinaelea. Dera anajitupa. Anaogelea vizuri, siwezi kumnyima sifa. Mikono inapishana, pindo linapiga maji nyuma, mita kumi, mita ishirini, hasimami, anagusa ukuta. Filimbi anaandika cheti pale pale.

Kwenye benchi wamekaa wasichana wangu kumi na mmoja. Wanapiga makofi. "Mwalimu Dera, oyee!"

Hapo roho iliniuma. Mambo mengine yote niliyavumilia, lakini wasichana wangu kufundishwa na nguo, hapana. Nikapanda juu ya meza inayoelea.

"Nina haki ya kurudia mtihani!"

"Unayo," anasema Filimbi. "Jibu swali moja. Mara ya kwanza ulisimama kwa nini?"

"Msuli ulinibana."

Msuli wa mguu wangu wa kulia unashuka, unavuta kiti, unakaa.

"Mheshimiwa," unasema, "siku ile nilikuwa mzima kabisa. Nimesingiziwa. Tangu siku hiyo nalishwa ndizi asubuhi na jioni, na mimi ndizi sizipendi."

Ofisi nzima inanitazama. Nikajikaza kisabuni, lakini mguu bila msuli haukazi. Nikaona heri niseme.

"Haya! Nilisimama kushika kifua! Nilivaa sidiria mbili zilizolegea, zikaniacha majini, nikaona aibu, nikamdanganya Kocha. Mnasemaje?"

Nasubiri dari lianguke. Mwalimu wa hesabu anaomba kalamu nyekundu. Filimbi anakuna kichwa.

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

"Sisi tulijua siku nyingi," zinasema Kamba.

Msuli unanipa mkono, unarudi mguuni. Ndipo Nyeusi, ambaye tangu mwanzo hajafungua mdomo, anapiga kikohozi kidogo.

"Mwalimu, mimi hujanijaribu."

"Nimekujaribu. Ulikataa kufunga."

"Mlikuwa wawili, wewe na Dera. Kwa wawili mimi ni ndogo. Kwa mmoja sijui, hujaniuliza."

Loh. Miaka yote hii nawafundisha watoto wapime urefu kuanzia sifuri, na mimi mwenyewe napimia juu ya maua ya kijani.

Naingia nyuma ya kabati la vitabu. Navua kila kitu, namvaa Nyeusi juu ya ngozi yangu mwenyewe. Anafunga, ndoano ya mwisho kabisa. Vidole Viwili vinaingia vikihema, tai zimepinda.

"Tumo! Wawili tu! Hapa hata kugeuka hatugeuki!"

"Mnaumia?"

"Tunafanya kazi."

"Pumua," anasema Mkanda. Napumua, yupo. "Nyanyua mikono." Nanyanyua, hapandi. "Ruka." Naruka mara tatu, ya tatu nagusa taa ya darini. Nashuka, na kifua kinashuka pamoja na mimi, kwa wakati mmoja, jambo ambalo halijatokea tangu nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza. Kamba za Mabegani zinafungua bendeji, zinaomba likizo.

Filimbi anajipiga. Naingia majini. Nyeusi hanywi hata tone, maji yanamgusa yanapita zake. Mita kumi. Mita kumi na tano. Kwenye mita ya ishirini namkuta Siwema wa mara ya kwanza, amesimama, mikono kifuani.

"Msuli?" namuuliza.

"Msuli," anajibu.

"Usinidanganye mimi, mwenzangu."

Anacheka. Nampita. Mita ya ishirini na tatu, ya ishirini na nne, nanyoosha mkono, nagusa ukuta.

Ulikuwa ukuta wa chumba changu, na jua limeshaingia dirishani.

Niliamka nikakaa. Nyeupe na Pinki zilikuwa juu ya kiti, kimya, kama sidiria nyingine yoyote. Nyeusi ilikuwa mfukoni alimoitupia Mama Zulekha. Nikaitoa, nikaivaa juu ya ngozi, ndoano ya mwisho. Nikapitisha vidole viwili chini ya mkanda. Viliingia kwa shida na havikupata pa kugeukia. Nikaruka mara tatu mpaka glasi zikalia kabatini.

"Wifi, una nini asubuhi yote hii, unatwanga?" Tunu alikuwa ameshaingia, amekuja kunisindikiza. "Umevaa ile nyeupe?"

"Sikuivaa. Ile haikuwa yangu. Nimevaa nyeusi."

"Si ndogo hiyo?"

"Ilikuwa ndogo tulipokuwa wawili."

Tunu alinitazama, akaamua kuniacha, maana siku ya mtihani mtu huachwa. "Na Kocha Mbaruku akiulizia ule msuli?"

"Nitamwambia ulisingiziwa. Na wale wasichana nitawaambia wapime nguo ya kuogelea juu ya mwili wao wenyewe, wasije wakapata tabu niliyoipata mimi."

"Haya mwalimu, twende, saa mbili na nusu sasa." Akanyoosha mkono kunitolea dera langu msumarini, lile la maua ya kijani nililolitundika jana likiwa kavu. Akaurudisha mkono haraka. "Kha! Wifi! Mbona dera lako linatona maji?" Akanusa vidole vyake. "Na linanuka dawa ya bwawa."

Nikatazama sakafuni. Palikuwa na matone saba, na la nane lilikuwa linajiandaa kwenye pindo.

"Liache likauke," nikamwambia, nikachukua taulo. "Lenyewe limeshafaulu. Sasa ni zamu yangu."