Mjomba Kwenye Gari la Uongo

Asubuhi ile ya Alhamisi Kimya alikuwa anapaka pombe kali kwenye midomo ya glasi kwa pamba, taratibu, kama muuguzi anayesafisha kidonda. Ndani ya glasi hamkuwa na pombe hata tone. Ilikuwa juisi ya nanasi iliyotiwa tangawizi mpaka inawasha koo. Kituo chao kilikuwa kinatafiti jinsi ya kumzuia mlevi asishike usukani, na ili majibu yaaminike, nusu ya watu walipewa pombe kweli na nusu walipewa harufu tu. Kompyuta ndiyo iliyochagua nani apate nini. Aliyejua ni Kimya peke yake. Hata Daktari, bosi wake, hakujua, na hakutaka kujua mpaka siku ya mwisho.

Kazi hiyo walimpa kwa sababu ya mdomo wake. Alikuwa mtu wa "ndiyo" na "asante", basi. Hata hilo jina la Kimya alibandikwa nyumbani, akalibeba mpaka kazini.

Ila siku hiyo alikuwa na siri yake mwenyewe. Mshiriki namba kumi na saba alikuwa mjomba wake, kaka yake Mama, na sheria ya kituo ilikataza kabisa kuandikisha ndugu.

Alikuwa na sababu. Mjomba alikuwa na gari la watu saba na imani moja kubwa: akishakunywa mbili tatu, anaendesha vizuri zaidi. "Pombe inanifungua macho," ndiyo kauli yake. Na Jumamosi alikuwa awapeleke Mama na mama wadogo wawili kumwona mtoto mchanga wa ndugu yao, kwa ile barabara ya mlimani iliyojikunja kama utumbo. Kimya hajawahi kumpinga Mjomba tangu azaliwe. Akaona heri mashine ya kituo, gari la uongo la kuwapimia washiriki, imwambie. Aje, anywe, agonge mbuzi wa kwenye skrini, aone haya, aache.

Kompyuta ikampangia juisi.

Kimya aliisoma orodha mara tatu. Jagi la pombe lilikuwa pale pale, shubiri moja kutoka mkononi mwake, na hakuna ambaye angejua. Mkono ukakataa. Akamimina juisi.

"Kwenye hii karatasi imeandikwa wengine hawapewi pombe," alimwambia Mjomba kwa sauti ya sisimizi.

"Hao ni wengine," Mjomba akasema, akasaini bila kusoma. Yeye na karatasi hawapikiki chungu kimoja. "Asante, dada." Walikuwa wamekubaliana wasijuane, kwa hiyo akamkonyeza, tena kwa uso mzima, mpaka mlinzi wa mlangoni akageuka kuangalia kuna nini.

Glasi ya kwanza akakohoa. "Hii ya wasomi ni kali." Ya pili, ulimi ukaanza kuteleza. Ya tatu, akamkumbatia Daktari, akamwambia anafanana na shemeji yake mmoja aliyempenda kuliko wote, akalia kidogo. Daktari akampigapiga mgongoni huku anaandika kwenye daftari. Kipimo cha pumzi Mjomba alikipuliza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, ila namba zake zilikuwa zimezibwa kwa plasta, Daktari asizione.

Kisha akaingizwa kwenye gari la uongo: kiti cha gari halisi, usukani, breki, na skrini tatu kubwa mbele. Mbuzi akakatiza. Mjomba akapunguza mwendo, akamngoja apite, akampungia mkono. Ikaja mvua, akaipita. Kikaja kitoto kinakimbiza mpira, akasimama mapema. Mwisho akaegesha kinyumenyume katikati ya malori mawili, jambo ambalo washiriki kumi na sita wa kabla yake walishindwa wote. Hakugusa hata koni moja ya barabarani.

Akashuka anayumba, akajigonga kwenye mlango wa chumba.

"Mmeona wenyewe," akasema, anasugua paji la uso. "Mimi nilisema, nikaitwa mlevi."

Kila mshiriki alipewa cheti cha kushukuru, chenye mhuri. Wengine walikikunja mfukoni. Mjomba alikipeleka kikafunikwa plastiki, akakibandika kwenye kioo cha mbele cha gari, na Ijumaa picha ya cheti hicho ikatua kwenye kundi la simu la ukoo: "Sayansi imesema."

"Hongera kaka," Mama akajibu, na maua sita.

Kimya alimkuta Mama jikoni anamenya viazi. "Mama, kesho pandeni basi."

"Basi la nini, na kaka yangu ana cheti?"

"Cheti hakisemi anaweza kuendesha."

"Kinasema nini basi?"

Akisema ni juisi, atakuwa amefichua siri ya kituo. Akiulizwa amejuaje, atakuwa amemuuza Mjomba na yeye mwenyewe. Akachukua kisu, akamenya viazi ambavyo havikuhitajika.

Jumamosi akaingia kazini na macho mekundu, akaenda moja kwa moja kwa Daktari.

"Daktari, kuhusu namba kumi na saba."

Daktari akaziba masikio kwa viganja. "Usiniambie. Huyo ndiye aliyeniacha hoi. Nikijua alikunywa nini, nimeharibu."

"Atapata ajali."

Viganja vikashuka. "Nani?"

"Mjomba wangu."

Daktari akafungua droo, akatoa fomu. "Maisha ya watu yakiwa hatarini, siri inafunguliwa. Unaandika jina lako. Hapa unaandika uhusiano wako na mshiriki." Akaweka kidole kwenye mstari huo. "Ukishajaza hapa, mwanangu, Jumatatu sina la kukusaidia."

"Najua." Akaandika: mpwa wake.

Wino haujakauka, simu ya Mama ikaingia. Nyuma kulikuwa na vicheko na mlango wa gari. "Tunatoka. Mjomba wako anamalizia ya tatu, anasema leo ule mlima utampigia magoti."

"Mama, msi..."

"Subiri, wanapakia mizigo." Ikakata. Akapiga tena, haikupokelewa. Akampigia mama mdogo, naye vilevile.

Likabaki kundi la ukoo. Watu arobaini na wawili. Miaka minne Kimya alikuwa ameandika humo "asante" mara mbili, tena moja ilikosea njia. Akaandika:

"Mjomba, Alhamisi hukunywa pombe. Ilikuwa juisi ya nanasi na tangawizi, nilikumiminia mwenyewe. Uliendesha vizuri kwa sababu hukulewa. Leo umekunywa kweli. Mama, shukeni kwenye gari."

Akatuma kabla hajarudia kuusoma.

Lile kundi huwa halinyamazi. Mtu akiweka picha ya kuku anaumwa, wanajibu thelathini. Sasa yakawa yanaongezeka tu majina ya waliousoma, mmoja mmoja. Mama mdogo. Binamu. Mama. Kisha Mjomba.

"Wamesoma?" Daktari akauliza.

"Wote."

"Wanasemaje?"

Kimya akamgeuzia simu aone. Chini ya ujumbe wake hapakuwa na neno.