Mtoto Aliyenyamaza Mgongoni

Mwaka ule watu wa Modogashe walipofungiwa ndani ya ua wa miba, hakukuwa na mtoto ambaye tumbo halikumuuma. Serikali iliwakusanya wafugaji mahali pamoja ili mashifta, waasi waliojificha porini, wakose pa kula na pa kulala. Mifugo ikawa inachungwa kwa saa za ruhusa tu, karibu na ua, mpaka majani yakaisha na maziwa yakakauka. Watoto waliozoea maziwa ya ngamia wakawa wanakula ugali wa unga wa msaada na kunywa maji machafu ya kisima.

Guleid, dresa, yaani mganga msaidizi wa zahanati, alikuwa ameyabonyeza matumbo hayo mpaka akayaota usingizini. Kwao ni Mandera, na hakuwa amefika huko tangu vita vianze. Wanajeshi walimwona Msomali. Watu wa kambi walimwona mtu wa serikali. Alikuwa amechoka na pande zote mbili.

Asubuhi hiyo foleni ilikuwa imeuzunguka ukuta. Alianza na Nunow, mtoto wa miaka minne mwenye tumbo lililovimba kama kiriba.

"Wapi panauma?"

Nunow aligusa kitovu. Wote wa umri ule hugusa kitovu, hata kinachouma kikiwa koo. Guleid alibonyeza polepole huku akimtazama usoni wala si tumboni, kwa sababu uso wa mtoto haujui kuficha. Uso ulikuwa umetulia. Minyoo. Akampa dawa na kumwita anayefuata.

Akaja Batula, mjane, akimvuta binti yake Qali kwa mkono. Mgongoni alikuwa amembeba mtoto mchanga, Awil.

"Huyu, adeer," Batula alisema, akimwita ami kwa heshima na kumsukuma Qali mbele. "Tangu juzi anajikunja."

Qali alikuwa wa miaka kumi na mitatu hivi. Aliangalia chini.

"Ruka," Guleid alimwambia.

"Nini?"

"Ruka kwa mguu mmoja."

Msichana aliruka, akaruka tena, kwa aibu lakini bila kukunja uso. Ugonjwa wa tumbo unaohitaji kupasuliwa haumruhusu mtu kuruka hivyo. Guleid akamwinamia mama na kumuuliza jambo kwa sauti ya chini. Batula akamgeukia bintiye, wakanong'onezana, na mama akacheka kicheko kifupi cha mtu aliyesahau kucheka.

"Amekuwa mwanamke, na hakuniambia!"

"Mpashe joto tumboni kwa kitambaa. Hana ugonjwa."

Guleid alikuwa keshaanza kumtazama aliye nyuma yao alipoiona shingo ya yule mchanga. Ilikuwa imelegea kwenye bega la mama, na rangi ya uso ilikuwa ya majivu.

"Na huyu?"

"Huyu ashapoa, alhamdulillahi. Jana kutwa alikuwa akilia na kukunja miguu, ananyamaza kidogo, halafu tena. Leo ametulia."

Guleid alitamani, kwa pumzi moja, asingekuwa ameuliza.

"Mlaze hapa."

Awil hakulia alipolazwa. Vidole vya Guleid vilipita juu ya tumbo dogo, na upande wa kulia, chini ya mbavu, vikakuta uvimbe mrefu unaoteleza. Alikifungua kitambaa alichovishwa. Kulikuwa na ute mwekundu uliochanganyika na damu.

"Utumbo wake umeingia ndani ya utumbo," alimwambia Batula. "Kama mkono wa kanzu unapousukuma ndani. Hapa sina dawa ya hilo. Anahitaji hospitali ya Garissa, leo. Na usimnyonyeshe, maziwa hayatapita."

"Nisimnyonyeshe mwanangu?"

"Hata akilia. Akilia, mshukuru Mungu: bado ana nguvu."

Msafara wa jeshi ulikuwa unajiandaa kuondoka. Mara ya mwisho Guleid alipoomba gari, alisimamishwa juani mpaka mgonjwa akafa. Alikichukua kitambaa chenye damu, akaenda hivyo hivyo.

"Kila siku kwako kuna mtoto anakufa," ofisa wa msafara alisema bila kuinua kichwa.

"Ndiyo, afande. Wengine nawatibu. Huyu siwezi."

"Mama yake akienda kuwaambia mashifta njia tunayopita?"

"Atakuwa juu ya lori hilo hilo, afande. Likilipuliwa, atalipuka nalo."

"Wewe ni ndugu yao."

Siku nyingine maneno hayo yangemchoma. Sasa aliyaacha yapite, akakikunjua kitambaa mezani. Ofisa alitazama, akageuza uso upande wa ukuta.

"Akae nyuma, juu ya magunia," alisema hatimaye. "Na uondoe kitu hicho."

Batula alipanda akiwa bado anamwagiza Qali: mbuzi wasitoke nje ya ua, bibi yake apelekewe maji kwanza. Lori lilipoanza kutikisika, Awil alilia. Kilikuwa kilio chembamba, lakini Guleid alikisikia mpaka vumbi lilipomeza magari yote.

Habari zilirudi baada ya siku kadhaa, mdomoni mwa Yarow, dereva wa lori la unga. Mtoto alipasuliwa, wakakata kipande cha utumbo kilichokuwa kimeoza. Yu hai. Mama amezuiwa Garissa mpaka apate kibali cha kurudi.

Guleid alimtafuta Qali, akamkuta akichota maji.

"Mdogo wako yu hai."

Msichana aliweka ndoo chini. "Na hooyo? Mama anarudi lini?"

"Sijui, Qali. Wanangoja kibali."

Guleid alifikiri angelia. Badala yake msichana aliinua ndoo, akasema lazima amfikie bibi kabla jua halijawa kali, akaondoka huku maji yakimwagikia miguuni. Guleid alisimama akimtazama. Alidhani furaha ingekuja sasa, na ilikuja kweli, ndogo, kama mtu anayebisha hodi na kuondoka kabla hujafungua. Kisha akarudi zahanati, ambako mwanamke mwingine alikuwa ameketi kizingitini, akimsugua mwanawe tumbo.