Wavu Mzima, Hofu Hakuna

Mimi ni mtu wa kushuku, na sijifichi. Nikisifiwa, najiuliza huyu anataka nini. Maabarani wananiita Polisi, nami niliacha kukasirika zamani, maana kwenye kazi yangu matokeo mabaya hayamdhuru mtu. Yanayodhuru ni yale yanayopendeza. Na safari ile matokeo yalipendeza mno.

Wengi hudhani ubongo ni seli za neva tu, basi. Kumbe katikati ya seli kuna mchanganyiko mzito wa protini na sukari, na kuzunguka baadhi ya seli mchanganyiko huo hukazana ukawa wavu. Ukiupaka rangi yake na kuutazama kwenye hadubini, unaiona seli imevikwa wavu wa kijani wenye matundu madogo, kama kichujio cha chai. Miaka kumi na moja nimeuliza swali moja tu: je, nyavu hizi ndizo zinazoshikilia hofu za zamani zisitutoke?

Tunawafundisha panya kuuogopa mlio fulani, kwa kuwapiga shoti ndogo ya umeme miguuni kila unapolia. Kisha nusu yao tunawadunga ubongoni kimeng'enya cha kuyeyusha nyavu, na nusu tunawadunga maji ya chumvi. Hakuna anayejua nani kapata nini. Orodha inakaa kwenye bahasha iliyofungwa, ndani ya droo yangu, na ufunguo nalala nao. Wiki tatu baadaye tunaupiga mlio. Panya anayeogopa huganda, hata masharubu hayatikisiki.

Bahasha ya kundi la kwanza ilipofunguliwa, ilionyesha kwamba panya wa maji ya chumvi waliganda karibu wote. Kati ya ishirini wa kimeng'enya, kumi na wanane waliendelea kujikuna kama vile mlio ni habari za jirani. Wenzangu walipiga makofi. Jumatatu kamati ya hospitali ingekutana kuamua kama tuwajaribu wagonjwa, watu walionusurika ajali na moto ambao hofu haijawaachia mpaka leo. Wangetobolewa fuvu kwa sababu ya karatasi yenye jina langu.

Jumanne nikawa nahesabu nyavu kwenye vipande vya ubongo wa panya hao. Nilipofika kwa namba kumi na nne nikasimama. Sindano ilikuwa imekwenda upande, kimeng'enya chote kimemwagika kwenye uwazi wa katikati ya ubongo, ule unaojaa maji, na nyavu zake zilikuwa nzima, hazijaguswa. Namba thelathini na moja naye hivyohivyo. Nikakimbilia daftari la vipimo. Wote wawili hawakuganda.

Wavu mzima, hofu hakuna.

"Bahati tu," alisema mwanatakwimu wetu, mtu mpole anayekohoa kabla ya kila sentensi. "Wawili si wengi."

"Wawili wananitosha. Kuna mtu kachezea."

"Nani sasa?"

Nilimwangalia mpaka akakohoa tena.

Nilianza na yeye, sitaki kusema uongo. Nikakagua mashine, nikakagua tarakimu, nikakagua na barua pepe ambazo hazikunihusu. Safi. Ndipo nikaomba kumbukumbu za mlango wa chumba cha panya. Kazi inaanza saa mbili. Kadi moja ilikuwa ikifungua ule mlango saa kumi na mbili na nusu, kila siku ya Mungu, kwa miezi minane. Ilikuwa kadi ya Mjomba.

Mjomba ni mjomba wangu kweli, kaka yake mama, ingawa maabara nzima wanamwita hivyo, hata wenye mvi kumzidi. Kiwanda cha biskuti alikofanya kazi nusu ya maisha yake kilipofungwa, mimi ndiye niliyemtafutia kazi ya kusafisha vizimba. Na kwa kuwa nilimleta mimi, damu ilinichemka mara mbili. Nani anamtuma? Maabara jirani? Au anadhani ananisaidia, kwa kuwapima panya upya na kusahihisha daftari ili mtoto wa dada yake apate jina?

Ningemwita pembeni. Mtu mwingine angemwita pembeni. Mimi nilimngoja mlangoni jioni ya Jumatano, wakati wote wanatoka.

"Mjomba, naomba nione mfuko wako."

Alicheka, akidhani namtania. Alipoona sicheki, akauweka mezani mwenyewe, mbele ya watu sita. Nilitoa shati la kubadilisha. Nilitoa bakuli la chakula, nikalifungua. Nilitoa kikopo cha plastiki chenye mbegu za alizeti. Karatasi hata moja hakuna.

"Umemaliza, Daktari?" aliuliza taratibu.

"Nimemaliza."

Akakunja shati lake upya, maana nilikuwa nimelivuruga, akafunga zipu akaondoka. Mwanatakwimu hakukohoa hata kidogo. Nilijisikia vibaya, lakini si vibaya vya kutosha, kwa sababu nilikwenda nyumbani nikiwaza: mbona alizeti?

Habari hutembea. Nilikuwa bado natafuta ufunguo wa nyumba mama akapiga simu.

"Nasikia umempekua kaka yangu."

"Mama, ni mambo ya kazi."

"Mambo ya kazi! Yule aliyekubeba mgongoni ulipougua surua, mimi niko safarini? Hivi wewe ulizaliwa na nani, mbona huamini mtu?"

Kesho yake saa kumi na mbili nilikuwa ndani ya chumba cha panya, nimejibana nyuma ya magunia ya maranda, daktari mzima wa ubongo, najizuia kupiga chafya.

Mjomba aliingia, akanawa mikono, akavaa koti jeupe. Vizimba vya kundi la pili vilikuwa ukutani, bahasha yao bado haijafunguliwa. Alipita akitazama kimoja kimoja. Kwenye kizimba cha tatu alisimama. Akatia mkono wake mpana, akamtoa panya aliyekonda, manyoya yamemsimama, akamlaza kifuani. Kisha akaanza kupiga mluzi.

Ulikuwa ni ule mlio. Sauti ileile, urefu uleule, aliousikia kutwa kucha kupitia ukutani mpaka ukamkaa mdomoni. Akipiga mluzi, anampa panya punje ya alizeti. Anapiga tena, anampa nyingine. Panya anakula macho nusu yamefumba.

Nilitoka nyuma ya magunia nikiwa na maranda kichwani.

"Shikamoo, Mjomba."

Alishtuka, lakini hakumwangusha panya. "Marahaba. Kumbe hata humu unanilinda?"

"Unafanya nini?"

"Nambembeleza. Kuna wengine wakishadungwa wanakonda, wanatetemeka siku nyingi. Wengine wazima tu, wala hawana habari. Hawa wanaotetemeka ndio ninaowashika. Mpaka wanatulia."

"Na kundi la kwanza?"

"Na wao. Kosa?"

Nilikaa juu ya gunia. Kimeng'enya huumiza kidogo kinapoingia. Maji ya chumvi hayaumizi. Bahasha yangu, droo yangu, ufunguo wangu, vyote vilikuwa kazi bure. Alikuwa amewachagua kwa huruma, karibu bila kukosea, panya wale wale wa kimeng'enya, akawafundisha asubuhi baada ya asubuhi kwamba mlio ule ni chakula na joto la mkono. Kumi na nne na thelathini na moja, bila shaka, walitetemeka pia.

"Kwa hiyo dawa yako haifanyi kazi?" aliuliza nilipomweleza. Uso ulimshuka.

"Sijui. Huenda ni dawa. Huenda ni mikono yako. Huenda ni vyote."

"Ungeniambia nisiwashike, nisingewashika."

Ni kweli. Kanuni za chumba kile nilizibandika mwenyewe mlangoni, kumi na saba, zote za kuzuia wizi na udanganyifu. Kwamba mtu anaweza kuja mapema kwa ajili ya kumpenda panya, halikunipitia akilini.

Niliiandikia kamati siku hiyohiyo, nikaondoa ombi. Mjomba hakuja Ijumaa. Jumamosi mwanatakwimu akanipigia simu, akakohoa, akasema kumbe swali lenyewe sasa ni zuri zaidi: tuanze upya, panya wote washikwe sawasawa, wenye nyavu na wasio na nyavu, kwa mkono mmoja na mluzi mmoja, tuone kama wavu ukifunguka hofu inatoka haraka zaidi. Mkono wa nani? Hakuhitaji kusema. Mimi panya hunikimbia.

Jumapili nilikwenda kwa Mjomba. Nilimkuta sebuleni, amevaa shati lake la mfuko mmoja kifuani. Niliomba radhi, na niliiomba kwa dhati. Akaitikia kwa kichwa. Kisha nikamweleza kazi.

"Wote arobaini?" aliuliza.

"Wote. Dakika tatu kila mmoja, bila kuchagua. Na bila alizeti."

Aliigeuza mikono yake akaitazama. Niliona anataka. Alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Mikono ninayo," alisema. "Nikuulize kitu kimoja tu. Nikiwa naingia asubuhi, utanipekua?"

Jibu lilikuwa hapana. Nililijua, nililitaka, lilikuwa mdomoni. Lakini akili yangu ikaenda kwenye punje moja iliyosahaulika, punje moja tu, ingeharibu miezi minane mingine, na nikachelewa. Sekunde mbili, pengine hazikufika.

"Hapana, Mjomba."

Alinitazama bila hasira yoyote.

"Umeshanipekua, mwanangu," akasema, akainuka kumwambia mkewe alete chai.

Nilibaki nimekaa, najua kwamba nimempoteza. Na hata wakati huo, Mungu anisamehe, alipokuwa ananipita nilikuwa natazama kama ule mfuko wa shati una kitu.