Aliyeitika

Fundi cherehani yule alikuwa mwanamke mwenye mdomo mwepesi kuliko mkasi wake. Mdogo wake, waliyeshona naye chumba kimoja, akikosea kidogo tu aliitwa punguani, na wateja walicheka.

Asubuhi moja mama mmoja alimleta binti yake kupimwa gauni la harusi ya kaka yake. Binti alikuwa mtu mzima, ila akili yake ilikuwa ya mtoto. Alisimama wima katikati ya chumba, mikono kaitanua, furaha imemjaa. Mdogo mtu alipima, akaandika.

Fundi akatupia jicho daftari. "Kiuno kimezidi kifua? We punguani, umepima nini?"

"Abee!" akaitika binti.

Binti alimtazama fundi kwa adabu, akingoja kutumwa.

"Mtaani ndivyo wanavyomwita," mama yake akasema taratibu. "Amezoea."

Fundi angenyamaza ingekuwa nafuu, lakini ulimi ukamponza tena. "Sikumwambia yeye, dada yangu. Na si tusi hasa, limetokana na kupungua tu. Kama kitambaa kikipungua..."

"Kwa mwanangu kimepungua nini?"

Mama akamshika binti mkono, wakaondoka.

"Kwa hiyo lilikuwa halimhusu yeye," mdogo mtu akasema, macho kwenye sindano. "Lilikuwa langu."

Gauni lilipokamilika fundi alilipeleka mwenyewe nyumbani kwa yule binti. Binti alikuwa kibarazani akichambua mchele. Fundi akachuchumaa mbele yake.

"Mwanangu, nimekuja kukuomba radhi."

"Umefanya nini?"

Fundi akafungua kinywa, akagundua kwamba ili ajibu itabidi alitamke tena. "Nilitaja jina baya, ukadhani ni lako."

Binti akafikiri. "Mimi naitwa Kipenzi," akasema, akaendelea na mchele wake.

Mama akapokea gauni, akashukuru kwa ufupi. Hakumkaribisha ndani, wala hakurudi tena kushonesha kwake.

Kwa mdogo wake ilikuwa ngumu zaidi. Alimwomba radhi kesho yake, mbele ya wateja walewale waliokuwa wakicheka. Mdogo mtu aliendelea kukanyaga cherehani mpaka pindo likaisha, akakata uzi.

"Nimesikia, dada," akasema. "Nipe muda."