Haina Makosa

Dada yangu hakwenda mahakamani kutafuta fidia. Alitaka jaji atamke tu kwamba mwanawe hakufa kwa bahati mbaya. Kwamba kampuni ya mafuta ilijua tangu zamani kuwa moshi wa mafuta yake utavuruga mvua, ikanyamaza, mpaka mafuriko yakamzoa mtoto wa miaka sita mlangoni kwetu. Tulioshtaki tulikuwa familia tisa.

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo wangu hauna breki, kwa hiyo mwanasheria wetu alinikataza kuwa shahidi. Akamtaka dada, mpole kama maji ya mtungi. Laiti angejua!

Dada alieleza vizuri mpaka karani akafuta macho. Kisha akainuka wakili wa kampuni, kijana mtanashati, sauti ya asali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole sana kwa msiba."

"Ahsante, nimeshapoa."

"Ndiyo hivyo, mama. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Haina makosa, baba," dada akaitikia.

Jamani! Nilitaka kuruka viti. Lakini angejibu nini kingine? Tangu utotoni tumefundishwa kwamba ukipewa pole unapokea. Hubishani na mtu aliyekuja kukufariji. Kumbe yule mshenzi hakuja kufariji. Alimgeukia jaji, akaomba iandikwe kuwa mama mzazi, chini ya kiapo, amekiri kifo hicho ni kazi ya Mungu wala hakuna mkosaji. Mwanasheria wetu alipinga mpaka sauti ikamkauka.

Wiki tatu baadaye jaji akasoma uamuzi. Familia nane zitaendelea na kesi. Dada ameondolewa, kwa maneno ya kinywa chake mwenyewe.

Pale nje kwenye ngazi nikaanza kumtukana wakili, nikamtukana jaji, nikaitukana kampuni nzima na waliowazaa. Dada akanishika mkono.

"Basi, mdogo wangu. Watu wanatuangalia."

"Waangalie!"

"Kijana kaniamkia, nimeitika. Ulimi hauna mfupa." Akanivuta karibu. "Ila wewe niambie ukweli. Nimemuuza mwanangu kwa adabu?"

Roho iliniuma, nikalia mbele za watu. Nikamwambia hapana, dada, hapana, wamekuibia.

"Ahsante," akasema, kama anavyomjibu kila mtu.